Kidonge Kimoja kwa Siku: Angalia na Unachokimeza Pamoja Nacho

Wanaoanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huniuliza maswali mawili: nimeze saa ngapi, na nile nini kwanza. Mimi mwenyewe ni mtumiaji wa dawa hizi wa tangu zamani, na siku za kliniki hukaa na wageni wa dawa nikawaelekeza. Maswali hayo mawili ni mepesi. Zito ni lile ambalo karibu hakuna anayeliuliza: je, hiki ninachomeza pembeni kinapatana na kidonge changu?

Nazungumzia TLD, kidonge ambacho wengi wetu tunapewa sasa. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Soma kopo lako. Ukikuta majina mengine, masharti nayo yanaweza kuwa mengine, basi mwombe mfamasia akueleze ya dawa yako. Mimi nilianza na kidonge chenye efavirenzi, kile cha kumeza wakati wa kulala tumbo likiwa tupu, na ndoto zake nazikumbuka hadi leo. Kuna watu bado wanadhani TLD ina masharti yale yale. Haina. Umeshiba au una njaa, meza.

Kuhusu saa, chagua saa ambayo tayari una jambo lako usilolikosa, kama kupiga mswaki, na uweke kengele kwenye simu. Kengele hiyo ipe jina lolote unalotaka. Si lazima anayechungulia simu yako ajue ni ya nini.

Sasa tuje kwenye lile zito. Dolutegraviri hukizuia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ndani ya seli) ambacho kirusi hukitumia kupachika vinasaba vyake ndani ya seli zetu. Kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa msaada wa madini ya magnesi, na dawa hukikamata kwa kung'ang'ania magnesi hiyo. Uwezo huo ndio unaotusaidia, na ndio huo huo unaotuletea tabu tumboni. Dawa ikikutana na magnesi, alumini, chuma, kalsiamu au zinki kabla haijaingia kwenye damu, huyang'ang'ania madini hayo, na sehemu yake inapita na choo bila kukufaa.

Madini hayo yako wapi? Dawa nyingi za kiungulia, za kutafuna na za maji, zina magnesi na alumini. Vidonge vya kuongeza damu vina chuma. Vidonge vya mifupa vina kalsiamu. Vitamini za mchanganyiko mara nyingi huwa na kadhaa kati ya madini haya kwa pamoja. Kuna mama mmoja aliyeniambia kwa moyo mweupe kwamba hatumii dawa nyingine yoyote. Nikamwomba siku ya kurudi aje na kila anachomeza. Alipofungua mfuko, tukatoa kopo la vitamini, pakiti ya vidonge vya damu na karatasi ya vidonge vya kutafuna vya kiungulia iliyobaki viwili. Machoni pake hivyo havikuwa dawa, na vyote alivimeza usiku pamoja na TLD ili asisahau. Hakuwa mzembe hata kidogo. Hakuna aliyemuuliza kwa namna ambayo angeelewa.

Kanuni ni hii: TLD imezwe saa mbili kabla ya vitu hivyo, au saa sita baada yake. Tuseme wewe humeza saa tatu usiku. Vidonge vya damu vimeze asubuhi, na hapo hakuna mgongano wowote. Kiungulia kikikushika saa moja jioni, usikimbilie kidonge cha kutafuna, kwa sababu TLD yako iko karibu mno. Meza TLD kwanza, kisha subiri saa mbili zipite ndipo utumie dawa ya kiungulia. Kwa chuma na kalsiamu kuna nafuu: ukivimeza pamoja na TLD katikati ya mlo, dawa inaingia vizuri. Nafuu hiyo haihusu dawa za kiungulia zenye magnesi na alumini. Hizo lazima ziachiwe nafasi yake.

Kuna dawa ambazo tatizo lake si tumboni. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hulifanya ini liimalize dolutegraviri upesi. Anayeitumia huongezewa kidonge cha dolutegraviri peke yake, miligramu 50, saa 12 baada ya TLD, na huendelea nacho kwa wiki mbili hivi baada ya kumaliza rifampisini. Ukianzishiwa dawa za TB na hakuna aliyekutajia kidonge hicho, uliza hapo hapo, usingoje tarehe ya kliniki. Dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitali nazo huishusha dolutegraviri. Kwa metformini ya kisukari mambo yako kinyume: dolutegraviri huifanya izidi mwilini, na kwa kawaida madaktari hawapitishi miligramu 1000 kwa siku. Usijipunguzie mwenyewe, mwambie anayekutibu sukari kwamba unatumia TLD.

Tenofoviri hupita kwenye figo, na kwa watu wachache huzichosha. Ndiyo sababu ya kile kipimo cha kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye damu. Kikipanda kidogo wiki za mwanzo usishtuke, maana dolutegraviri hupunguza namna figo zinavyoitoa kreatinini bila kuzidhuru. Daktari ndiye atakayetofautisha. Ninachokuomba ni kuacha mazoea ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila mgongo unapouma, kwa siku nyingi mfululizo, maana hizo na tenofoviri huzielemea figo zile zile. Na dawa za mitishamba, sema unazitumia, hata kama unahofia kugombezwa.

Umesahau dozi? Imeze mara unapokumbuka. Ikiwa zimebaki chini ya saa nne kufikia dozi inayofuata, iache ile uliyoikosa na usubiri saa yako. Usimeze viwili kufidia. Ukitapika ndani ya saa moja tangu kumeza, meza kingine. Ikishapita saa moja, huna haja.

Siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma, kichefuchefu kikaja, na usingizi ukapaa. Usingizi ukisumbua, mwambie mhudumu akusaidie kuhamishia dawa asubuhi, na wengi hutulia. Uzito nao huongezeka kwa baadhi yetu, usione aibu kulisema hilo. Lakini vipele vinavyokuja na homa, kuvimba uso au midomo, malengelenge mdomoni, kushindwa kupumua vizuri, macho kuwa ya njano au mkojo kuwa mweusi, hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo moyo ukizama na mawazo ya kujidhuru yakaanza kukujia.

Wanawake wanaotaka kuzaa bado huniuliza kwa woga. Mwaka 2018 utafiti uliofanyika Botswana ulizua hofu kwamba dolutegraviri inayotumika wakati mimba inatungwa inaweza kuleta kasoro za uti wa mgongo kwa mtoto. Takwimu zilipoongezeka, hofu hiyo ilipungua sana, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wazima wote, wajawazito wakiwemo. Kwa hiyo mjamzito asiache dawa. Azungumze tu kuhusu ratiba ya vidonge vyake vya damu, tuliyoieleza juu.

Na yeyote mwenye homa ya ini B asithubutu kuacha ghafla. Tenofoviri na lamivudini huvidhibiti virusi vya ini pia, na zikikatwa vinaweza kulipuka na kuliumiza ini vibaya. Hata kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI kikisema havionekani, maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi na hutamwambukiza mwenzi wako kwa kujamiiana. Virusi bado vimejificha mwilini, na dawa ikikatika vinarudi.

Vidonge viache kwenye kopo lake, kifuniko kikiwa kimekazwa na kile kipakiti cha kukausha unyevu kikiwa ndani, mbali na jua na mbali na watoto. Rudi kuchukua vingine kabla havijaisha.

Unapokwenda kutibiwa jambo jingine, au unaponunua dawa yoyote, omba kusema na mtoa dawa pembeni. Si lazima umweleze maisha yako. Mwambie, "Natumia kidonge chenye dolutegraviri na tenofoviri. Hii unayonipa inapatana navyo?" Majina hayo mawili yaandike kwenye karatasi uiweke kwenye pochi, au piga picha ya maandishi ya kopo uwe nayo kwenye simu.