Jinsi ya Kutazama Nyumbani Filamu ya Mwendo wa Pole

Filamu ya mwendo wa pole, ile ambayo habari yake kubwa ni mtu mmoja au familia moja na yanayopita mioyoni mwao, mara nyingi huharibikia sebuleni kwa sababu zisizoihusu filamu yenyewe. Wengi wetu huku Mtwara na Lindi tulijifunzia sinema katika vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kulipia kutazama video, ambako mtafsiri hujaza kila ukimya kwa sauti yake na kumweleza mtazamaji nani ni adui na nani anakaribia kupigwa. Huo ni ufundi, na una raha yake. Katika filamu ya mwendo wa pole, hata hivyo, ukimya ni sehemu ya hadithi, na kazi ya kuulinda ni ya mwenye nyumba.

Mfano nitakaoutumia ni filamu ya Kijapani iitwayo Tokyo Story, iliyoongozwa na Yasujirō Ozu na kutolewa mwaka 1953. Wazee wawili wanasafiri kutoka mji wa Onomichi kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao, ambao mmoja ni daktari wa mtaani na mwingine ana saluni, na kila mmoja ana shughuli zake zisizokwisha. Mzazi wa Masasi au Nachingwea aliyewahi kwenda Dar es Salaam kuwaona wanawe hahitaji utangulizi mrefu zaidi ya huo. Anayependa kuanza na filamu ya Kiswahili anaweza kuanza na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, kwa kuwa hapo macho yake yatabaki kwenye nyuso bila kulazimika kusoma tafsiri.

Chagua usiku kabla ya kuchagua kiti. Kwetu ikifika saa moja na nusu usiku giza limekamilika mwaka mzima, hivyo hakuna haja ya mapazia mazito; subiri watu wasali Isha, wale, vyombo vioshwe, kisha anza. Tokyo Story ina dakika 136, kwa hiyo atakayeanza saa mbili unusu atamaliza kabla ya saa tano, na huo ni muda unaovumilika hata kwa mtu wa kuamka alfajiri. Kati ya Desemba na Aprili tazama mbingu kwanza, kwa sababu mvua ikishuka juu ya bati lisilo na dari hakuna sauti ya mazungumzo itakayosikika, na kuongeza sauti ya runinga hakusaidii. Usiku wa mvua ni wa filamu za ngumi.

Hakikisha filamu imeshapakuliwa yote kwenye kompyuta au kwenye flashi. Kutazama moja kwa moja kutoka intaneti ni kujitafutia kero, kwani kamera ya filamu za aina hii hukaa palepale kwa muda mrefu na mtazamaji hatajua kama mzee amenyamaza au bando limekata. Angalia yuniti za Luku, na kama unatumia kompyuta mpakato ichaji hadi ijae, ili umeme ukikatika muendelee kwa betri. Fungua pia dakika mbili za katikati ya filamu uone kama maandishi ya tafsiri yanaendana na midomo. Katika programu ya VLC kwenye kompyuta ya Windows, herufi H huyachelewesha maandishi na herufi G huyawahisha, kidogo kidogo kwa kila unapobonyeza. Jambo hili lifanyike mchana, si wakati wageni wamekwisha kukaa.

Runinga nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa rangi kali, uliokusudiwa kumvutia mnunuzi aliyeshika fedha ya korosho mkononi. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua ule wa sinema, na uzime kipengele cha kulainisha mwendo, kwa sababu filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde na kipengele hicho hubuni picha za ziada hadi waigizaji waonekane kama watangazaji wa habari. Filamu za zamani kama hii ya Ozu zina umbo linalokaribia mraba, hivyo pembeni patabaki pameusi. Usiivute picha ili ijaze kioo. Ukiipanua utawafanya watu wanene, na ukiikuza utakata vichwa na miguu, ilhali Ozu alipanga kila birika na kila kizingiti mahali pake.

Sabufa ni mtihani mwingine. Kifaa hiki kinachopendwa sana kwetu hukuza mdundo na kumeza maneno, kwa hiyo punguza besi hadi chini kabisa au tumia sauti ya runinga yenyewe. Weka kiwango cha sauti kwa kusikiliza mazungumzo ya kawaida, si muziki wa mwanzo. Ukisikia kikombe kikiwekwa mezani, kiwango kinatosha. Feni izungushwe polepole.

Kuhusu kukaa, makochi yetu kwa desturi hubanwa ukutani na runinga huwekwa ukuta wa pili, umbali ambao kwa runinga ya inchi 32 huufanya uso wa mtu uwe mdogo mno kusomeka. Tandikeni mkeka na msogee hadi kama mita moja na nusu kutoka kwenye kioo. Ozu alikuwa na mazoea ya kuishusha kamera hadi karibu na usawa wa mtu aliyekaa chini kwenye jamvi, na watu wake hula, huzungumza na kunyamaza wakiwa wamekaa sakafuni, hivyo mtazamaji aliyekaa kwenye mkeka huwa kama mgeni aliyekaribishwa ndani. Zima taa inayoakisi kwenye kioo na uache ndogo nyuma ya runinga. Korosho zilizobanguliwa zinafaa kuliko bisi, kwa kuwa hazipigi kelele mdomoni.

Simu ziwekwe chumba kingine. Nasema hivi si kwa ukali, bali kwa sababu ya tukio moja la filamu hii. Watoto wakiwa wameshindwa kuwahudumia wazazi, wanawachangia fedha na kuwapeleka Atami, mji wa mapumziko kando ya bahari. Usiku hoteli ina makelele na wazee hawalali. Asubuhi wanaketi juu ya ukuta wa bahari, wakiwa wawili tu, na wanakubaliana kurudi. Mama anapoinuka anapata kizunguzungu, anainama na kushika chini kidogo, kisha anasimama na kumfuata mumewe. Hakuna muziki wa kutisha wala sura iliyokuzwa ili kukuonya. Aliyekuwa akijibu ujumbe kwa sekunde hizo chache atatazama nusu ya pili ya filamu bila kujua kwamba alikwisha kuambiwa.

Kwa hiyo, unatazama nini pale ambapo inaonekana hakuna kinachotokea? Tazama kwanza nani anamhudumia nani. Katika Tokyo Story mke wa marehemu mtoto wao, Noriko, ambaye hana damu nao, ndiye anayeomba ruhusa kazini ili awatembeze mjini. Watazamaji wa huku, waliolelewa kujua nani anastahili kuinukiwa na nani hupewa kiti, huliona hili haraka kuliko wahakiki wengi. Kisha sikiliza yanayosemwa kwa adabu huku yakificha jingine: baba anaposema wanawe wana afadhali kuliko wa wengine, angalia uso wa mkewe. Tatu, usikimbie picha zisizo na watu, za mabomba ya moshi, nguo zilizoanikwa au ukumbi mtupu, ambazo Ozu huziweka kati ya tukio na tukio. Hapo ndipo pa kupumua na kulifikiri lililopita.

Dakika ishirini za kwanza ndizo ngumu, na hapo ndipo watu huomba ibadilishwe. Waombe wenzako wafike dakika ya arobaini kabla ya kuamua, na kama bado hawataki, waache waende. Kumlazimisha mtu filamu ya pole ni kumchukiza nayo kwa miaka. Kama yupo mzee asiyesoma Kiingereza cha maandishi, ateuliwe mtu mmoja wa kumweleza, naye aseme machache wakati tukio linapobadilika. Bibi akiuliza, “Mjukuu wangu, huyu baba mbona hasemi kitu?” jibu linalofaa ni, “Tumtazame kwanza, bibi.” Mara nyingi bibi atakuwa wa kwanza kumwelewa, na ndipo itakapokuwa zamu ya mjukuu kuelezwa.

Kusimamisha filamu kunaruhusiwa mara moja, na mahali pazuri ni pale wazee wanapoondoka Atami. Chemsheni chai, mnyooshe miguu, lakini msiwashe taarifa ya habari wala kuangalia matokeo ya mpira. Filamu ikiisha, iacheni runinga ikiwa imezimwa kwa muda na mtu aulize swali dogo la wazi, kwa mfano kati ya watoto wale nani alikuwa na haki ya kuchoka. Na aliyesinzia asisimuliwe mwisho. Mwandikieni dakika aliyofumba macho, aendelee kuanzia hapo kesho yake jioni.