Ukitaja kasi, taja na mpimaji
Ukianza kusoma nadharia ya uhusianifu maalumu, ile ya Einstein inayoeleza jinsi mwendo unavyobadilisha vipimo vya muda na urefu, ziweke fomula kando kwanza. Kila unapokutana na kasi, muda au urefu, jiulize: umepimwa na nani? Andika jibu pembeni. Mafumbo mengi yanayowatesa wanafunzi yametokana na kuchanganya vipimo vya watu wawili.

Chukua myuoni, chembe zinazozaliwa kilomita 15 hivi juu yetu, miale ya anga za mbali inapogonga hewa. Myuoni iliyotulia huishi wastani wa mikrosekunde 2.2, yaani sehemu 2.2 za milioni za sekunde. Hata ikikimbia karibu na kasi ya mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde, muda huo ungeifikisha mita 660 tu. Lakini nyingi sana hufika ardhini! Sisi tuliosimama chini tunasema saa yake inakwenda polepole. Kwa upande wa myuoni, saa yake iko sawa kabisa. Hewa inayoijia mbio ndiyo iliyofupika. Wote wawili wako sahihi, na wote wanakubali kwamba imefika. Naupenda mfano huu kuliko ile ya treni za kufikirika, maana umepimwa kweli.

Kasi ya mwanga haibadiliki kwa yeyote kati yao. Einstein aliifanya msingi mwaka 1905, na ndiyo inayolazimisha muda na urefu kubadilika.

Kwenye swali gumu, chora safu mbili, moja kwa kila mpimaji, na usihamishe namba yoyote kati yake bila kuikokotoa upya.