Kipandikizi kimekaa juu, kimeshuka au kimekimbilia pembeni? Namna ya kujikagua hatua kwa hatua

Mimi ni nesi kwenye upasuaji wa matiti na kazi yangu kubwa ni hawa waliowekewa vipandikizi (vile vifuko vya silikoni au maji ya chumvi vinavyowekwa ndani ya titi) wanaorudi kuangaliwa baada ya operesheni, kwa iyo lile swali la "hivi hiki kipandikizi kimekaa sawa kweli?" nalisikia karibu kila siku. Ni swali la haki kabisa. Mtu amelipa hela yake, amevumilia maumivu, anasimama mbele ya kioo anaona titi moja limepanda karibu lifike kwenye mtulinga na lingine liko chini kidogo, hapo usingizi lazima ukatike. Alafu anaambiwa tu "vumilia litashuka", haelezwi avumilie mpaka lini wala aangalie nini wakati anavumilia.

Shika hili kabla hatujaenda mbali: miezi ya mwanzo usihukumu kipandikizi kwa pale kilipo, kiangalie kinaelekea wapi. Kilicho juu sana wiki ya 3 lakini kila wiki kinashuka kidogo, hicho kiko njiani. Kilichokaa pazuri wiki ya 3 alafu mwezi wa 4 bado kinazidi kwenda chini, hicho ndio kinaninyima raha mimi.

Hatua ya 1: Toa dharura kwanza

Kabla ya kioo na picha jiulize haya. Titi moja limevimba ghafla ndani ya masaa, limekuwa gumu, linauma kupita lenzake? Yaweza kuwa damu inavujia ndani, inatokea zaidi siku 1 au 2 za mwanzo ila hata baadae inawezekana. Una homa ya nyuzi 38 kwenda juu, wekundu unasambaa, kidonda kinatoa usaha? Kifua kinabana, pumzi inakata, au kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kinauma? Jibu likiwa ndio kwa lolote hapo acha kusoma, nenda hospitali sa hivi, usiku usiku, usisubiri apointimenti.

Hatua ya 2: Jua umewekewa nini na kiko wapi

Wengi wanajua saizi tu. Tafuta ile kadi uliyopewa, ina aina, saizi na namba ya kipandikizi, ipige picha uihifadhi. Kama hukupewa iombe, ni haki yako. Alafu uliza: kiko juu ya msuli wa kifua au chini yake? Ni cha duara au cha umbo la tone la maji? Gamba lake ni laini au lina mikwaruzo? Mkato ulipita wapi?

Majibu haya yanabadilisha kila kitu. Kikiwa chini ya msuli, ule msuli umekaza kama mtu aliyekunja ngumi na unakibana kwenda juu mpaka wenyewe ulegee, kwa iyo kinachelewa kushuka kuliko cha juu ya msuli. Cha duara kikizunguka ndani hamna atakayejua, cha umbo la tone kikizunguka titi linabadilika shepu ghafla.

Hatua ya 3: Piga picha zinazofanana

Hapa ndio watu wanaharibu. Kuna dada alikuja wiki ya 5 machozi yanamtoka, titi la kulia limeshuka, ananionyesha picha 2 kwenye simu. Nikaangalia kitovu kwanza. Picha ya kwanza kitovu kiko katikati, ya pili kimesogea pembeni na bega la kushoto liko juu, manake simu alikuwa ameinyanyua kwa mkono wa kushoto, na mkono ukinyanyuka titi la upande huo linapanda nao. Tukampiga picha upya kasimama wima mikono chini, ile tofauti yote ikaisha.

Kwa iyo simu usiishike. Iegemeze mahali pamoja usawa wa kifua, weka alama ya tepu sakafuni unaposimama, tumia taima. Mara moja kwa wiki, saa ile ile, mwanga ule ule: mbele mikono ikiwa chini, upande wa kulia, wa kushoto, mikono juu ya kichwa, alafu mikono kiunoni ukikandamiza ili msuli wa kifua ukaze. Ya mwisho umelala chali, hii kama kuna mtu unayemwamini wa kukupiga. Kila siku usipige, utajichanganya bure.

Na tafuta picha za kabla ya operesheni. Hakuna mwanamke mwenye matiti pacha, na kama chuchu moja ilikuwa chini tangu zamani au mbavu za upande mmoja zimetokeza zaidi, kipandikizi hakifuti hiyo tofauti, wakati mwingine kinaionyesha zaidi.

Hatua ya 4: Pima

Subiri vidonda vifunge, alafu chukua ile tepu laini ya fundi nguo. Pima kutoka kile kishimo cha chini ya koo mpaka kila chuchu, alafu kutoka chuchu mpaka kwenye mkunjo wa chini ya titi ukiwa umeivuta ngozi kidogo. Andika na tarehe. Rudia kila baada ya wiki 2. Tofauti ya nusu sentimita usiihangaikie, hayo ni makosa ya mkono, mimi mwenyewe nikipima mara 2 sipati namba ile ile. Ninachokitafuta ni namba ya chuchu mpaka mkunjo inayozidi kupanda kila ukipima, hasa kama ni titi moja tu.

Hatua ya 5: Soma unachokiona

*Kiko juu.* Sehemu ya juu ya titi imejaa, imekaza, chuchu inaangalia chini. Hii ndio hali ya wengi mwezi wa kwanza, uvimbe na msuli vyote vinasukuma juu. Kushuka kunaanza kuonekana wiki kadhaa baadae, wengi wanatulia kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Upande wa mkono unaoutumia zaidi mara nyingi ndio unaochelewa, kwa iyo titi moja kutangulia lenzake ni kawaida kabisa. Kisichokuwa kawaida ni titi lililokuwa limeshalainika alafu linaanza kukaza tena, linapanda, linakuwa duara kama mpira, mwisho linauma. Hapo tunafikiria lile gamba la kovu ambalo kila mwili unalijenga kuzunguka kipandikizi, kwamba limejikunja na kukikaba. Madaktari wanalipima kwa daraja 4 za Baker: ya 1 titi ni laini na la kawaida, ya 2 gumu kidogo ila kwa macho halionekani, ya 3 gumu na shepu imeharibika, ya 4 pamoja na maumivu. Hii haingojewi ishuke, nenda kaonwe.

*Kimeshuka kupita mkunjo.* Hii naomba uisome taratibu manake inakuja kimya kimya na haiumi. Kuna mama mmoja alikuja mwezi wa 4 kwa ajili ya kovu tu, anafurahi kabisa, yameshuka yamekuwa ya asili anasema. Nikamuomba asimame, anyanyue mikono. Kovu lake lilishonwa ndani kabisa ya mkunjo, sasa lilikuwa limepanda juu kwenye titi lenyewe, upana wa vidole 2 hivi, analiona kwenye kioo bila kuinama, na chuchu zinaangalia juu huku sehemu ya juu ya titi iko tupu. Kovu halikutembea, ni kipandikizi kilichoshuka chini yake kikavuta ngozi. Kwa iyo kama mkato wako uko kwenye mkunjo, hilo kovu ndio alama yako, liangalie kila wiki. Kipandikizi kizito, ngozi nyepesi, mfuko (ile nafasi daktari anayoipasua ndani ili kipandikizi kikae) uliopasuliwa mkubwa, vyote vinachangia. Na mwenye dalili hizi akiendelea kukandamiza titi kwenda chini anaongeza tatizo.

*Kimeenda pembeni.* Ukilala chali matiti yasogee nje kidogo, hiyo ni sawa, hata ya asili yanasogea. Yakiangukia kwapani mpaka mkono unagusana nayo na katikati pamebaki bapa, mwambie daktari.

*Yamekaribiana sana katikati.* Weka kidole kwenye mfupa wa katikati ya kifua. Ngozi inatakiwa ishikane na mfupa. Kama imenyanyuka kama hema kutoka titi hadi titi, mifuko 2 inaelekea kuungana na hiyo haijirudi yenyewe, ila wiki za mwanzo uvimbe nao unaweza kukudanganya, ndio maana anayeamua ni mkono wa daktari.

*Mstari wa pili chini ya titi*, kama titi juu ya titi: ule mkunjo wa zamani haujafunguka. Miezi ya mwanzo unaweza kulainika wenyewe. Na titi kuruka ukikaza kifua linatokana na msuli uliolala juu ya kipandikizi, kiasi kidogo wengi wanacho.

Hatua ya 6: Wakati unasubiri

Masaji usijipangie kwa kuangalia video ya mtu. Yeye kipandikizi chake kiko juu anasukuma chini, wewe chako labda kinataka kushikiliwa. Cha umbo la tone ndio kabisa usikiguse bila kuambiwa. Ule mkanda wa kufunga juu ya matiti ni hivyo hivyo, kwa aliye juu unasaidia, kwa anayeshuka unaharibu. Sidiria ya waya subiri ruhusa, lala chali kichwa kimeinuka kidogo, na vitu vizito na mazoezi ya kifua viache wiki 6 au muda uliopewa na daktari wako.

Hatua ya 7: Kwa daktari

Nenda na picha, namba na ile kadi. Usiseme tu "halijakaa vizuri", sema "wiki ya 8 chuchu mpaka mkunjo ilikuwa hivi, wiki ya 12 iko hivi". Omba akuangalie umesimama, umelala, na umekaza msuli. Usikubali kuangaliwa umekaa kitini na nguo imefunguliwa nusu.

Kama kweli kimehama, kurekebisha mara nyingi kunasubiri angalau miezi 6 ili tishu zikomae. Wanaweza kuushona mfuko uwe mdogo, kukihamisha kutoka juu ya msuli kwenda chini, kuweka wavu wa kukishikilia, au kupunguza saizi. Ukiambiwa kilichoshuka kwa uzito kibadilishwe kwa kikubwa zaidi, omba maoni ya daktari wa pili kabla hujasaini.

Na titi likija kuvimba baada ya mwaka au miaka mingi bila kuumia popote, usidhani ni kuhama tu. Yale maji yaliyojaa kuzunguka kipandikizi yapimwe, kwa sababu kuna saratani adimu ya limfu inayohusishwa na vipandikizi vya gamba la mikwaruzo, na mwaka 2019 kuna aina iliondolewa sokoni dunia nzima kwa ajili hiyo. Kwa vipandikizi vya silikoni, FDA, ile mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, inashauri ultrasaundi au MRI (vipimo vya picha vya kuangalia ndani) ya kwanza mwaka wa 5 au wa 6 baada ya operesheni hata kama huna dalili, alafu kila miaka 2 hadi 3. Andika huo mwaka nyuma ya ile kadi yako leo leo.