Kabla ya Kuandika "Mbwa Mkali" Getini: Namna ya Kumlea Mbwa wa Ulinzi

Mtu anayetafuta mbwa wa ulinzi mjini kwa kawaida huanza kwa kuuliza mbegu. Ataambiwa kwamba Rottweiler ni mkali, German Shepherd ana akili, Boerboel ana nguvu za kumwangusha mtu mzima, na mbwa wa kienyeji ni mdokozi wa mboga tu. Atalipa, atamfungia mtoto wa mbwa bandani, atapaka maneno "Mbwa Mkali" getini, na kuanzia hapo ataamini kwamba mbegu itamaliza kazi iliyobaki. Mimi nimefuga mbwa wa kizungu, machotara na wa kienyeji, na ninaandika haya kwa sababu nawafahamu watoto wenye makovu yaliyotokana na imani hiyo.

Sifa za mbegu zina chimbuko lake, lakini chimbuko hilo mara nyingi si lile linalosimuliwa na muuzaji. Max von Stephanitz, aliyeiasisi mbegu ya German Shepherd mwaka 1899 kwa kumnunua dume aliyeitwa Horand von Grafrath, alikuwa akitafuta mbwa wa kuchunga kondoo. Rottweiler alipewa jina la mji wa Rottweil huko Ujerumani, ambako aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Jina la mbegu hukueleza mababu wa mbwa walifanya kazi gani; halikuelezi huyu uliyemshika mkononi atakuwaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kuchunguza jeni za mbwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Uholanzi iliondoa marufuku ya kufuga Pit Bull, mbegu nyingine inayosifiwa kwa ukali, mwaka 2008 baada ya kuona kwamba idadi ya watu wanaong'atwa haikupungua.

Hata hivyo, usidhani kwamba mbegu haina maana yoyote. Taya la Rottweiler aliyelelewa vibaya huvunja mfupa, ilhali mbwa mdogo aliyelelewa vibaya vilevile huchana suruali, kwa hiyo unapochagua mbegu kubwa unachagua pia ukubwa wa madhara yatakayotokea siku utakapozembea. Kama huna nusu saa kila siku ya kukaa na mbwa, usimchukue mkubwa.

Unapokwenda kuchagua, omba kumwona mama yake. Mama anayejificha au anayekurukia kwa hasira, ilhali mwenye mji yupo naye, amekwisha kukupa jibu. Chuchumaa kando ya watoto, gonganisha viganja vyako mara moja taratibu, kisha utazame: wengi watashtuka, na unayemtaka ni yule anayeshtuka kisha akarudi kunusa. Anayebaki pembeni akitetemeka, hata kama anaonyesha meno na muuzaji anamsifu kwa ukali, mwache, kwa kuwa mbwa wengi wanaong'ata watu hung'ata kwa woga. Usimtenge na mama yake kabla ya wiki 8. Kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kwamba meno yanauma.

Samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa ubichi huo ni mfupi mno: takriban kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake. Kile anachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho hukihesabu kuwa cha kawaida, na kile asichokutana nacho anaweza kukiogopa maisha yake yote. Kwa hiyo mwonyeshe mtoto mwenye sare za shule, mwanamke aliyevaa buibui, mzee mwenye fimbo, fundi aliyebeba ngazi, bodaboda na mkokoteni. Chanjo zake zikiwa hazijakamilika, mbebe mikononi badala ya kumshusha barabarani, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa, huishi muda mrefu kwenye udongo.

Jike wangu wa Rottweiler, Tausi, alikuwa na wiki 10 alipomwona kwa mara ya kwanza mama muuza maandazi akiwa na ndoo kichwani. Alisimama ghafla, nywele za mgongoni zikasimama, akanguruma kwa sauti nyembamba. Sikumkemea wala sikumsogeza mbele. Nilichuchumaa kando yake, nikamwomba yule mama atue ndoo na asimtazame, na kila Tausi alipogeuza macho kumwangalia nilimpa dagaa mmoja. Siku ya nne alimfuata mwenyewe, akanusa kifuniko cha ndoo na kutikisa mkia.

Kunguruma kwenyewe usikuadhibu kamwe, kwa sababu ni onyo, na mbwa aliyechapwa kila alipoonya hujifunza kung'ata bila kuonya. Amri ziwe chache na fupi: "kaa", "njoo", "acha", "tosha". Ili kumfundisha kukaa, shika dagaa mkavu mbele ya pua yake, uinue mkono taratibu kuelekea kisogoni mpaka makalio yaguse chini, kisha umpe papo hapo, kwani tuzo inayochelewa kwa sekunde chache humfanya asijue amesifiwa kwa lipi. Dakika tano mara tatu kwa siku zinamtosha. Nyumba nzima itumie neno lilelile. Baba akisema "kaa" na dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye anayemlisha, akisema "sit", mbwa atamsikiliza mmoja na kumpuuza mwingine. Mfundishe pia asimrukie mtu, hata kwa furaha. Jirani yako Mwislamu anayepita akienda kuswali hapaswi kurudi nyumbani kujitwaharisha kwa sababu ya mate ya mbwa wako.

Desturi ya kumfungia bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku tu, tena wengine wakimlisha pilipili au bangi ili awe mkali, huzalisha mbwa asiyejua kutofautisha mwizi na mtoto aliyefuata mpira. Mnyororo wa kudumu huleta matokeo hayohayo. Mbwa wa ulinzi anayefaa huijua familia, huwajua wageni wa kawaida, hubweka anaposikia asichokijua na hunyamaza unaposema "tosha". Kazi yake ni kukuamsha.

Watoto nao wafundishwe: wasimguse anapokula, anapolala au anaponyonyesha, na wasimkimbie wala kumtazama machoni mbwa wasiyemjua.

Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo na uitunze kadi yake. Mtu aking'atwa, iwe na mbwa wako au wa jirani, osheni jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu dalili za kichaa zikishajitokeza mgonjwa ni nadra sana kupona.

Getini kwangu nimeandika: "Kuna mbwa. Bonyeza kengele, usiingie mpaka ufunguliwe." Mgeni anajua afanye nini, na mimi napata nafasi ya kumwita Tausi akae kabla sijafungua komeo.