Mwenyekiti wa kikundi cha hisa: mtazame kwanza, kura baadaye

Kikundi kipya cha kuweka na kukopa kikikutana mara ya kwanza, mwenyekiti huwa ameshapatikana kabla ya kura. Ni yule aliyesema sana. Mikeka haijatandikwa yote, yeye ameshasalimia kila mtu, ameshawachekesha, ameshapanga nani akae wapi. Ikiulizwa nani atuongoze, macho yote kwake. Mimi ni katibu wa kikundi upande wa Micheweni, Pemba, na vikundi vya jirani huniita wakianza mzunguko, yaani kipindi cha kuweka na kukopa hadi kugawana. Neno langu la kwanza kwao ni moja: leo hatuchagui.

Ahirisheni kwa mikutano mitatu au minne. Kila mkutano aongoze mtu mwengine, afungue, asimamie kununua hisa, azime mabishano, afunge. Hata asiyejua kusoma apewe zamu, maana daftari ni kazi ya katibu. Nyinyi kazi yenu katika siku hizo ni kutazama tabia.

Wataalamu hugawa hulka ya mtu mafungu matano: uchangamfu, utaratibu wa kazi, upole kwa watu, moyo wa kupokea mapya na wepesi wa kutaharuki. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake watatu walikusanya tafiti zilizotangulia, zenye makundi 73 ya watu waliopimwa, wakatazama hulka hizi zinavyokwenda na uongozi. Walitumia uwiano, kipimo cha mambo mawili yanavyokwenda pamoja. Uchangamfu ukaongoza kwa 0.31, utaratibu ukafuata kwa 0.28, upole ukashika mkia kwa 0.08. Ukiishia hapo utampa kura msemaji. Lakini walitenganisha pia mambo mawili: nani anaonekana kiongozi, na nani akishapewa kazi anaifanya ikafaa. Katika kuonekana, upole ulikuwa 0.05 tu, katika kufaa ukapanda hadi 0.21. Uchangamfu ukateremka kutoka 0.33 hadi 0.24. Uwiano uliotimia ni 1, kwa hiyo zote hizi ni namba ndogo, tabia inaelekeza tu. Na waliopimwa hawakuwa wakulima wa mwani wa Pemba. Hata hivyo ndivyo ninavyoviona vikundi vyetu: mpole hapati kura, kisha mambo yakichafuka katikati ya mwaka watu wanamfuata mpole nyumbani kwake awapatanishe.

Sasa, utaratibu. Usiusikilize mdomoni mwa mtu, kautafute kwenye masinia. Kila mtaa una vyombo vya shughuli, masufuria na masinia yanayoazimwa kwa harusi na hitma, na kuna mtu anayevitunza. Muulize nani huvirudisha vimesuguliwa, vimetimia, bila ya kufuatwa. Atakutajia majina papo hapo, na atakutajia na yale mengine bila ya kumuuliza. Pwani pia panasema. Wakati wa bamvua kila mtu ana haraka, maji yakijaa hayana subira. Mtazame anayefunga mwani wake vizuri hadi mwisho wa kamba na anayelipualipua.

Kutaharuki hakuhitaji mtego. Hesabu ya fedha itagoma siku moja, ipungue shilingi elfu mbili, na atakayekuwa anaongoza siku hiyo mtamjua. Mmoja atasema, "Wenzangu kaeni, tuhesabu upya." Mwengine atamkodolea macho mhesabu fedha na kuuliza nani alikaa karibu na sanduku. Huyu wa pili, hata awe amesoma vipi, mimi simpi kiti. Elfu mbili itaonekana chini ya mkeka, lakini lile neno litakuwa limeshafika Konde kabla ya magharibi, na mwanachama aliyetajwa hatarudi.

Upole ndio unaotaka jicho kali zaidi, kwa sababu kwetu unakaa nyumba moja na muhali. Mtu mzuri, hana ugomvi na mtu, na kwa uzuri wake huohuo hawezi kumkatalia jamaa. Kwa hiyo kila anayetajwa muulizeni mbele ya watu: shemeji yako hajamaliza mkopo wa kwanza, anataka wa pili, amekuja nyumbani usiku na amefuatana na mama yako mzazi. Utamwambiaje? Anayejibu kwa ukali, "Nitamfukuza", anajionesha tu. Mbele ya mama hafukuzi mtu. Anayeng'ang'aniza kicheko na kutazama chini, muhali umeshamshinda. Jibu ninalolipenda ni la yule anayesema atawakaribisha, atawapa chai, kisha atamwambia shemeji aje mkutanoni aombe mbele ya wenzake, kwa kuwa mikopo hutolewa pale tu, sanduku likiwa wazi. Hapo kuna upole na kuna mpaka.

Uchangamfu sijautupa. Adam Grant, Francesca Gino na David Hofmann walichapisha mwaka 2011 utafiti uliogusa maduka 57 ya pizza Marekani. Wafanyakazi wakiwa wa kungoja kuambiwa, meneja mchangamfu aliwafaa. Wakiwa ni watu wa kutoa mawazo yao, yule mkimya ndiye aliyekwenda nao vizuri, kwa sababu aliwasikiliza. Basi kabla ya kumpima mgombea, jipimeni nyinyi. Kama mkutano wenu ni wa kuitikia "haya" kwa kila jambo, mnahitaji mtu wa kuwaamsha. Kama ni kikundi cha wanawake walioanza na sabuni ya mwani, kila mmoja ana lake la kusema, mkiweka msemaji mkuu hapo mtapata mashindano.

Moyo wa kupokea mapya uwepo kwenye kamati, si lazima uwe kwa mwenyekiti. Maji ya kina kifupi yalipopata joto na kotoni, ile aina ya mwani, ikawa inakufa, walikuwepo wa kujaribu kwenye maji ya kina na walikuwepo wa kulia. Mtu mmoja wa namna ya kwanza anatosha. Wakiwa watano, kila mwezi mtabadilisha kanuni.

Siku ya kura msinyooshe mikono. Kwa mikono dada atamchagua dada, na jirani atamwogopa jirani. Wagombea wakae wamevipa mgongo vikapu vyao, kila mwanachama apite peke yake na kokoto moja mkononi. Wahesabu wawe wawili, wasiotoka nyumba moja.

Yule msemaji aliyekosa msimwache akaondoka na uchungu. Mpeni kazi ya kwenda kwa sheha, kupokea wageni na kuwaita waliochelewa. Ataifanya kwa furaha, na kwa kweli ataifanya vizuri kuliko mwenyekiti. Funguo tatu za sanduku wapeni watu watatu wasiokuwemo kwenye kamati, na hapo tafuteni wale wa masinia.

Na kabla ya kokoto ya kwanza haijaingia kikapuni, katiba iwe imeshaandikwa kwamba uongozi ni wa mzunguko mmoja, na kwamba wanachama wanaweza kuitisha kura nyengine hata katikati yake. Mkiliandika baada ya kumchagua mtu, ataona ameandikiwa yeye.