Namna ya Kuendesha Kikao cha Tathmini Baada ya Hitilafu Bila Kumsaka Mkosaji

Utamaduni wa DevOps, yaani uundaji na uendeshaji wa programu kufanywa kama kazi moja, uliopata jina lake mwaka 2009 kwenye mkutano ulioandaliwa na Patrick Debois mjini Ghent, Ubelgiji, ulikusudia kumaliza uhasama baina ya waandishi wa programu na wasimamizi wa seva. Uhasama huo hurudi upesi mfumo unapoanguka, na kikao cha tathmini ndicho kinachoamua kama timu itajifunza au itazoea kufichana.

Kwanza, mwache mhandisi aliyekuwa zamu hitilafu ilipotokea alale. Wakati huo mratibu akusanye kumbukumbu za mfumo na jumbe za timu, apange matukio kwa saa na dakika, kisha awatumie wote. Mratibu asiwe yule anayejaza fomu ya tathmini ya kazi ya mhandisi huyo, kwa maana siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi mbele ya anayeweza kuitupa.

Kikaoni, shida kubwa ni kwamba kila mtu anaujua mwisho. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba watu wakishaambiwa tukio liliishaje, huamini kuwa matokeo hayo yalitabirika kuliko ilivyokuwa kweli. Kwa hiyo soma mfuatano wa matukio hadi dakika ya uamuzi, usimame hapo, uwaulize wenzake mhandisi huyo wangefanya nini kwa taarifa hizo tu. Mhandisi mwenyewe usimuulize kwa nini hakuangalia, maana swali hilo humlazimu kujitetea. Muulize skrini ilikuwa inaonyesha nini, na alitarajia nini kitokee. Huruma inayotakiwa hapa si upole wa maneno, bali ni kazi ya kuirudia hali aliyokuwamo mwenzako, pamoja na kutojua kwake.

Tukio la GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu za watu mtandaoni, la tarehe 31 Januari 2017 linaonyesha faida ya kuuliza hivyo. Usiku, mhandisi aliyekuwa akihangaika kurekebisha hifadhidata ya akiba alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba, na katika takriban gigabaiti 300 zikabaki kama 4.5. Kama uchunguzi ungeishia kwake, ingepotea habari nzito zaidi: nakala rudufu za kila siku zilikuwa zinashindikana kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa kabla ya kumfikia mtu. Nakala iliyowaokoa, ya saa sita hivi kabla, aliichukua mhandisi huyohuyo kwa mkono. Kampuni ilichapisha ripoti yake hadharani bila kumtaja jina.

Wapo watakaouliza uwajibikaji umekwenda wapi. Mhandisi John Allspaw, akiwa Etsy, kampuni ya soko la mtandaoni, mwaka 2012, alijenga hoja kwamba anayeeleza kwa ukamilifu alichofanya, bila hofu ya adhabu, ndiye anayewajibika zaidi, kwani ndiye anayeweza kuwafundisha wengine. Nakubaliana naye, kwa sharti moja: udanganyifu wa makusudi una mahali pake pengine, na kikao hiki kisigeuzwe kuwa kificho chake. Wala adabu isizae ukungu. Kuandika «data ilifutwa» hakumsaidii yeyote. Andika kwamba mhandisi wa zamu aliendesha amri fulani kwenye seva fulani.

Katika maazimio, likatae lolote linalosema watu wawe makini zaidi. Tarehe 28 Februari 2017, amri iliyoingizwa vibaya iliondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa katika S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data mtandaoni. Kampuni ikakibadilisha chombo chenyewe kiondoe seva polepole na kigome kushuka chini ya kiwango cha lazima. Kila azimio lipewe mtu wa kulitekeleza na tarehe, na rasimu ya ripoti aisome kwanza aliyekuwa zamu, asahihishe kinachomhusu, kabla haijasambazwa kwa wengine.