Kutoka Warsha hadi Ruzuku: Namna ya Kukitumia Kituo cha Sanaa Dar es Salaam

Swali la kwanza ambalo msanii chipukizi huuliza afikapo kituo cha sanaa ni la ruzuku: inatolewa lini, ni kiasi gani, na fomu inapatikana wapi. Swali hilo lina haki yake, kwani rangi hazigawiwi bure Kariakoo, lakini likitangulia mengine humchelewesha aliyeliuliza. Watu wanaosoma maombi ya ruzuku hutafuta ushahidi kwamba mwombaji amewahi kuianza kazi na kuimaliza. Ushahidi huo mara nyingi hutoka kwenye maonesho, na nafasi ya kuonesha humfikia kwa urahisi zaidi yule ambaye waratibu wamekwisha kumwona akifanya kazi warshani. Kwa sababu hiyo nitaanza na warsha, ingawa najua wapo watakaoruka moja kwa moja hadi aya za mwisho.

Dar es Salaam ina milango kadhaa ya kubisha. Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 Mikocheni B, ina karakana za wasanii zilizotengenezwa kwa makontena ya meli, na huendesha warsha, maonesho na mafunzo ya muda mrefu. Alliance Française na Goethe-Institut hupokea maonesho, na Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, katikati ya jiji, nayo ina kumbi zake. Anayetaka kuona ushirika wa wachoraji unavyojiendesha kwa mauzo ya kila siku aende kwa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, warithi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Kabla ya kuomba lolote popote, hudhuria angalau maonesho mawili ya mahali hapo, kisha jiulize kama kazi zako zingekaa vizuri kwenye kuta zile. Kituo kinachopendelea sanaa ya usakinishaji, yaani kazi zinazopangwa kujaza nafasi ya ukumbi, na video hakitakuwa na haraka ya kupokea picha za twiga, hata ziwe nzuri kiasi gani.

Warsha yenyewe haihitaji maelezo mengi. Jiandikishe mapema, fika kwa wakati, na uulize kabla ya siku ya kwanza ni vifaa gani vinatolewa na vipi unapaswa kuja navyo. Weka kumbukumbu ya jina la mkufunzi, tarehe na ulichojifunza, maana mambo hayo yataingia kwenye wasifu wako. Piga pia picha za hatua za kazi, kwa sababu hizo huwashawishi wasomaji wa maombi kuliko cheti.

Maonesho ndiyo yanayotaka maandalizi makubwa. Mratibu atakuomba picha za kazi, orodha yake na maelezo mafupi kukuhusu. Simu ya kawaida inatosha kupigia picha, ilimradi kazi iwe imesimama wima kivulini asubuhi, simu ikiwa sambamba nayo, bila mwanga wa simu kuwashwa na bila pazia la sebuleni kuonekana pembeni. Kila picha ipewe jina la faili linaloeleweka, lenye jina lako, la kazi na mwaka, kwa kuwa anayepokea maombi mengi hana njia ya kukisia picha yenye tarakimu tupu ni ya nani. Katika orodha andika jina la kazi, mwaka, vifaa vilivyotumika, vipimo kwa sentimita ukianza na urefu wa kwenda juu, na bei.

Bei huwakosesha wengi fedha kwa kosa dogo la hesabu. Tuseme unataka shilingi 210,000 mkononi, na makubaliano yako na kituo ni kamisheni ya asilimia 30. Ukiongeza asilimia 30 juu ya 210,000 utaandika 273,000, na kituo kikichukua sehemu yake utabaki na 191,100. Hesabu sahihi ni kugawanya 210,000 kwa 0.7, nayo inakupa 300,000. Bei hiyo ibaki ileile hata nyumbani kwako. Mnunuzi akigundua kwamba ukumbini ni 300,000 na kwako ni 200,000, hatanunua tena ukumbini, na mratibu hatakualika tena.

Makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje muda wa maonesho, kiwango cha kamisheni, siku ya kulipwa baada ya mauzo, nani anagharimia usafiri, na nani anawajibika kazi ikiharibika. Yataje pia hakimiliki. Aliyenunua mchoro amenunua kitu chenyewe; haki ya kuuchapisha kwenye fulana au kalenda inabaki kwako mpaka uitoe kwa maandishi. Ni vyema ukajisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kuwasilisha kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwani siku ya mgogoro ni vigumu kuanza kutafuta nyaraka.

Kuhusu kusafirisha, nina kovu langu mwenyewe. Wakati wa masika mmoja nilizikunja pamoja picha tatu za rangi ya mafuta ambazo niliamini zimekauka, nikazipakia kwenye bajaji, na nilipofika nikakuta zimegandana uso kwa uso. Unyevu wa jiji letu kati ya Machi na Mei hukausha rangi polepole mno. Acha muda wa kutosha, weka karatasi laini kati ya kazi na kazi, na zikiwa kubwa kodi kirikuu chenye turubai badala ya kubahatisha. Nyuma ya kila fremu funga vikulabu viwili, takriban theluthi moja kutoka juu, vikiunganishwa kwa waya. Ukutani, kitovu cha kila picha kiwe karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, ili mtazamaji aliyesimama asilazimike kuinama wala kuinua shingo.

Sasa ruzuku. Kwanza itofautishe na mkopo: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, kwa mfano, hutoa mikopo, nayo hurejeshwa, ilhali ruzuku hairejeshwi ila hudai utekelezaji na taarifa. Usome wito wa maombi mara mbili, mara ya pili ukiwa na kalamu, ukipigia mstari nani anastahili, kiwango cha juu na tarehe ya mwisho. Andiko la mradi lijibu mambo machache kwa lugha nyepesi: utafanya nini, wapi, na nani, kwa muda gani, na ni nini kitakachobaki baada ya fedha kwisha. Sentensi kama "mradi utainua vijana wote wa Temeke" humchosha msomaji. "Vijana 15 wa mtaa wetu watajifunza kuchapa kwa mbao kwa siku tano, kisha wataonesha kazi 30" humpa kitu cha kushika.

Bajeti ndipo maombi mengi mazuri hufia. Warsha hiyo ya vijana 15 ikiwa na chakula cha shilingi 5,000 kwa mtu kwa siku, mwombaji mwenye haraka ataandika 375,000. Lakini mkufunzi na msaidizi wake nao wanakula, kwa hiyo kiasi halisi ni 425,000, na hizo 50,000 zilizosahauliwa zitatoka mfukoni mwako. Tafuta ankara kifani (proforma) za vifaa kutoka duka halisi. Weka posho yako wewe mwenyewe bila kuona haya, ila iwe na maelezo ya siku utakazofanya kazi. Hakikisha jumla ya jedwali inalingana na kiasi ulichotaja ndani ya barua, kisha mpe mtu mwingine aisome, hasa asiye msanii. Wasilisha siku mbili kabla ya mwisho, kwa sababu mtandao na umeme havijui tarehe yako.

Fedha zikiingia, zitenge na za nyumbani, ikiwezekana katika akaunti yake. Mabadiliko ya matumizi yaombewe ruhusa kabla, tena kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu. Dai risiti ya mashine ya EFD kila unaponunua, na siku hiyohiyo itolee nakala au uipige picha, kwa kuwa karatasi yake hufifia kwa joto, na miezi sita baadaye, unapoandika taarifa ya mwisho, utabaki na kipande cheupe kisicho na namba.